Kata Moja Kila Mguu

"Mimi, Mwenyekiti, tangu nivae magwanda haya sijawahi kumfunga mtu asiye na kosa," alisema Sajini, akikoroga uji wake kama anayekoroga mashahidi. Akapiga funda moja, uji ukamchoma ulimi, na ukweli ukatoka wenyewe. "Isipokuwa mmoja. Na yule wa mbuzi, wawili. Lakini yule wa mbuzi alikuwa na sura ya wizi, hata mama yake mzazi alikubali."

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kambi yote ya wageni aliiendesha kama darasa la nne: vibandiko kila mlango, herufi kubwa, mstari chini ya kila neno. Chooni: MAJIVU KOPO MOJA. Bafuni: OGA, USIOGELEE. Usiku uliopita Sajini alilala kwenye banda namba tano, na juu ya kitanda chake palikuwa na kibandiko kilichosema LALA VIZURI. Akalala vibaya makusudi. Hapendi kuamrishwa na ukuta.

"Gari lako linarudi lini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Saa kumi alasiri. Ni moja kwa wilaya nzima, na Mkuu wa kituo amesema halirudi tupu. Kamera ya mgeni imekutwa kwenye pipa la unga la mpishi, kwa hiyo nimlete mpishi. Ndiyo amri."

"Basi mambo yameisha."

"Mambo yangekuwa yameisha, Mwalimu, ningemaliza uji."

Kambi yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Mabanda sita ya udongo na paa za majani, yamepangwa kando ya ufuo ambao barabara ilichoka kabla ya kuufikia. Hakuna umeme ila taa za jua, hakuna kufuli hata moja. Ilikuwa mali ya nyumba tisa za kijiji, na kila nyumba ilishika zamu ya wiki moja: kupika, kuteka maji, kufagia, kutandika. Wiki hii ilikuwa ya nyumba ya Mama Jiko. Yeye alipika. Mumewe, Baba Ndoo, aliteka maji. Dada wa huyo mume alifagia na kutandika. Na kwa kuwa Mama Jiko alimwita wifi, kambi nzima ikamwita Wifi, hata wanaume, hata kakake mwenyewe akisahau.

Wageni walikuwa wawili tu, Mpiga Picha na mkewe. Huyo Mpiga Picha alikuwa amejitolea kuwatengenezea bango kubwa la kuwekwa njia panda, na kikao cha nyumba tisa kikapitisha kwamba uso wa bango uwe wa Mama Jiko. Hapo ndipo shetani alipovuta kigoda akakaa.

Juzi picha zikapigwa. Jana kamera ikapotea. Jana hiyo hiyo Mwenyekiti akapekua, akaikuta ndani ya unga, nyeupe kama andazi. Mama Jiko akafungiwa stoo. Akipelekwa kituoni, sheria ya kambi iko wazi, kalamu nyekundu: nyumba yenye mwizi inafutwa kwenye zamu. Kizazi kizima. Hata wajukuu wasije wakashika ufagio.

Sajini alipopita stoo, sauti ilitoka katikati ya mbao.

"Afande. Jana usiku nani aliwapikia?"

"Wifi yako."

"Poleni sana."

Sajini akakohoa ili asicheke. "Mama, kamera uliichukua?"

"Ningeichukua ningeiweka kwenye unga ninaouchota kila baada ya saa mbili? Mimi ni mpishi, afande. Si punguani."

*

Banda namba tatu lilikuwa limezungushiwa kamba, na kwenye kamba pananing'inia kibandiko: USIPITE. UCHUNGUZI. Sajini akaipita.

"Tangu jana ameingia nani humu?"

"Hakuna. Mgeni aliliona begi tupu akiwa mlangoni, nami nikafunga kamba kabla hajamaliza kupiga kelele. Wageni wamehamia namba mbili."

Ndani: kitanda, chandarua, mkeka, rafu ya ubao. Juu ya rafu begi la kamera, mdomo wazi. Sajini akachuchumaa mlangoni, goti lake bovu likatoa maoni yake. Kwenye sakafu nyeusi iliyosuguliwa palikuwa na nyayo za mchanga, nyembamba, za mwanamke. Zilitoka mlangoni zikaenda kwenye rafu, zikatoka kwenye rafu zikaenda kitandani. Basi. Akazipima kwa kalamu, akaandika.

"Hizo ni za mke wake," alisema Mwenyekiti. "Mimi niliwatembeza wote wawili asubuhi, tukatoka saa mbili kasoro kwenda kwenye miamba; kamera aliiacha, akiogopa maji ya chumvi. Njiani akasema kichwa kinamuuma, akarudi peke yake. Kama saa nne hivi angekuwa amefika."

"Na hili ulilisema lini?"

"Hukuniuliza."

"Mwalimu, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuchapa."

Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya bati yenye kifuniko, na kata inaning'inia ukutani chini ya kibandiko: NAWA MIGUU. KATA MOJA KILA MGUU. MCHANGA UBAKI UFUONI. Sajini akakisoma mara mbili. Akafunua ndoo. Ndani kulikuwa na mstari mwekundu, na maji yalikuwa chini yake.

"Huu mstari?"

"Kipimo. Maji ya hapa yanatoka chemchemi ya ng'ambo, mwendo wa saa moja na nusu kwa punda. Baba Ndoo hujaza kila ndoo mpaka mstarini, saa mbili asubuhi, wageni wakishatoka. Hapunguzi tone wala haongezi."

"Niletee maji."

Mwenyekiti akaleta jagi. Sajini akachota kata moja, akamimina polepole. Maji yakapanda, hayakufika. Akachota ya pili. Yakafika mstarini yakatulia pale pale, kama mtu aliyefika kwao.

"Kata mbili," alisema Sajini.

"Labda yule mke wake..."

"Yule kaingia na mchanga wake wote, unauona hapo. Huyu aliyetumia kata mbili ni mwingine, na hakuacha hata chembe. Mgeni wako akinawa, hutumia kata ngapi?"

Mwenyekiti akaguna. "Mgeni hanawi, anaoga. Kata sita, saba. Baba Ndoo akiona, roho inamtoka."

"Basi huyu ni mtu anayejua uzito wa maji. Mtu wa hapa. Alikuja kuiba, akafika mlangoni, mkono ukaenda wenyewe kwenye kata. Mguu wa kulia moja, wa kushoto moja. Ndipo akaingia kuiba."

"Mwizi anawe miguu?"

"Furahi, Mwalimu. Kuna mtu anasoma vibandiko vyako."

*

Mke wa Mpiga Picha alikuwa barazani kwa namba mbili, anajipaka mafuta mabegani kwa hasira, kama anayesugua sufuria.

"Bibie, jana saa nne uliingia banda namba tatu."

"Niliingia chumbani kwangu. Siku hizi ni kosa?"

"Ungesema jana, lisingekuwa kosa. Hukunawa miguu."

"Kwani naingia kwenye sahani?"

"Ukaenda moja kwa moja kwenye kamera."

Mkono ukasimama begani. Akatazama kama mumewe yuko karibu, akamwona mbali anapuliza unga kwenye mashine yake kwa brashi ndogo, kama anayemfuta mtoto machozi.

"Sajini, una mume?"

"Niliwahi. Endelea."

"Picha sitini na nne. Nilimsikia mwenyewe akizihesabu kwa furaha. Sitini na nne za mpishi anakanda unga! Safari hii tumekuja kusherehekea ndoa yetu, na mimi unajua ninazo ngapi? Moja. Na hiyo moja nimefumba macho."

"Ukaenda kuzifuta."

"Nikaenda kuzifuta. Nikafungua begi. Tupu."

"Hukupiga kelele?"

"Nipige kelele ya nini? Nilifurahi! Nikajitupa kitandani, kichwa kikapona pale pale."

"Na yule mama alipofungiwa stoo?"

Mwanamke akafunga kopo la mafuta. Akalifungua. Akalifunga tena. "Nikafurahi kidogo zaidi," alisema, sauti ndogo. "Leo asubuhi furaha imekuwa chungu. Utaniandika mwizi?"

"Siandiki furaha. Ningeanza, daftari lisingetosha."

Akaandika hivi tu: *Saa nne kamera haipo tena.* Saa mbili ndoo ilijazwa. Aliyenawa miguu alinawa katikati ya hapo. Na mtu wa kijijini? Kijiji kiko mwendo wa saa nzima, na Wifi alikuwa amefagia ufuo wote alfajiri. Hata kaa akipita angeonekana. Mwenyekiti alikuwa miambani na wageni. Walibaki watatu, wa nyumba moja.

*

Jikoni moshi ulikuwa mwingi kuliko chakula. Wifi alikuwa amesimama juu ya sufuria akiitukana kimoyomoyo.

"Wifi," alisema Sajini, naye pia, "jana kuanzia saa mbili mpaka saa nne ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini kwangu."

"Kazi gani?"

"Kazi."

"Ukamwona Mama Jiko?"

"Sikumwona. Hapa kila mtu na lake."

Sajini akatoka nje mlango wa nyuma. Pale palikuwa na kinu kikubwa, na michi miwili imeegemezwa ukutani, yote miwili ina unga mkavu kichwani. Akauchukua mmoja, akaupima mkononi, akachukua na wa pili. Akarudi ndani nayo yote miwili, kama mlinzi wa ikulu.

"Wifi, wewe hutwanga kwa michi mingapi?"

"Mmoja. Nina mikono mingapi?"

"Ndilo swali langu. Unga wa wiki nzima umetwangwa jana asubuhi, Mwenyekiti ameuandika. Michi miwili kwenye kinu kimoja ni watu wawili, wanapokezana, huyu anashusha yule anapandisha. Mtu akiacha hata kidogo mwenzake anajua, maana mdundo unavunjika. Nani alikuwa upande wa pili?"

Wifi akakoroga. Kitu kikaungua chini ya sufuria, wote wawili wakasikia harufu yake.

"Yeye," alisema hatimaye.

"Kuanzia lini?"

"Saa moja na nusu mpaka saa tano. Hakuondoka. Hata chooni hakwenda, ana kibofu cha ngamia yule."

"Na jana ukaona wifi yako anafungiwa stoo kama gunia, ukanyamaza."

"Hakuna aliyeniuliza!"

"Mimi nilikuuliza sasa hivi, ukasema hukumwona."

Wifi akatupa mwiko. "Mimi nimezaliwa hapa, Sajini! Babu yangu ndiye aliyefyeka hiki kichaka. Yule kaja na sanduku moja na ungo, kaolewa tu na kaka yangu. Leo bango la babu yangu linawekwa uso wake? Uso wangu una nini? Utazame. Utazame vizuri!"

Sajini akautazama, maana alikuwa mtu wa haki. "Hauna kitu. Kwa hiyo ukataka afungwe?"

"Nani kasema afungwe! Nilitaka akae stoo siku mbili tu, unyevu umkunjekunje kidogo, picha zirudiwe." Akajifuta macho, akasingizia moshi. "Nitasema kwa Mwenyekiti. Nitasema mwenyewe."

"Utasema sasa hivi, na utaweka sahihi. Halafu niambie: mlipokuwa kwenye kinu, nani aliingia humu jikoni?"

"Hakuna. Kaka tu, alikuja kumimina maji. Saa tatu, saa tatu na nusu. Hatukumwona, tulisikia ndoo zinagonga."

"Ndoo ngapi?"

"Mbili. Huwa mbili." Wifi akaonekana anasikiliza tena kitu cha jana. "Ila maji yalimiminika mara moja tu; ya pili haikuwa na maji."

*

Saa tisa Sajini alimkuta Mpiga Picha, akaomba aone zile picha. Akaziangalia zote kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, moja moja, bila kusema neno.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe wa kwanza. Mke wangu ningemwonyesha, tungeongea lugha nyingine saa hizi. Na huyo mama mwenyewe nilitaka nimshtukize na bango."

"Zilipigwa siku ngapi?"

"Juzi tu, asubuhi moja. Mimi na yeye jikoni, na Mwenyekiti anatusahihisha mwanga."

Baba Ndoo alikuwa mbele ya stoo, amekalia ndoo iliyogeuzwa. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, na miguuni pake palikuwa na mfuko wa nguo umefungwa vizuri. Wifi alikuwa amekaa kando, kichwa chini. Mwenyekiti amesimama. Kwa mbali kwenye njia vumbi lilikuwa limeanza kuinuka.

"Mfuko wa nani, shemeji?" Sajini aliuliza.

"Wa mke wangu. Nguo mbili, sabuni, mswaki. Huko mtakakompeleka sijui kama wanatoa."

"Umefungasha mapema."

"Nifanyeje? Sheria ni msumeno."

"Na mimi ndiye gogo?" sauti ya Mama Jiko ikatoka kwenye mbao.

"Nyamaza, mama watoto, wakubwa wanazungumza."

"Hao wakubwa nimewapikia wote."

Sajini akakaa juu ya gunia, akafungua daftari. "Shemeji, ni utaratibu tu, kila mtu wa nyumba hii nimemwandika. Jana asubuhi?"

"Nilijaza ndoo za mabanda saa mbili. Nikapeleka maji jikoni. Nikaenda kuwalisha punda."

"Banda namba tatu uliingia?"

"Niingie nikafanye nini? Ndoo iko nje."

"Na juzi, siku ya picha?"

"Juzi sikuwepo kabisa!" Hapa Baba Ndoo akajinyoosha, kama mtu aliyefika mahali penye kivuli. "Nilitoka na punda alfajiri kwenda chemchemi, mmoja akateguka mguu, nimerudi jua linazama. Muulize Mwenyekiti."

"Kweli," alisema Mwenyekiti. "Nilimwandika mchelewaji."

"Hiyo kamera umewahi kuishika?"

"Sajini, mikono hii ni ya ndoo. Kile kitu kina vitufe kama upele. Mimi nimekiona mara moja tu, jana, kilipotolewa kwenye unga, tena kwa mbali. Hata mbele na nyuma yake sizijui, sembuse kuziona picha zake."

Sajini akaandika yote, herufi kwa herufi, akamsomea kwa sauti. Siku ya picha sikuwepo. Kamera sijaishika. Picha sijaziona. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Weka sahihi hapa."

Akaweka, ndefu, yenye mkia. Sajini akafunga daftari, akapiga miayo, akamgeukia Mwenyekiti kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Lakini Mwalimu, kati yetu, hilo bango msahau. Nimeziona hizo picha leo. Mama wa watu amenuna zote sitini na nne, kama aliyemeza ndimu nzima. Yule kijana hana kipaji. Kushinda jikoni asubuhi nzima na mwanamke, usiweze kumfanya acheke hata mara moja!"

Mwenyekiti akafungua mdomo kusahihisha. Sajini akamkanyaga mguu.

Vumbi lilikuwa limekaribia, injini ikaanza kusikika. Baba Ndoo alisugua goti lake. Akalisugua tena.

"Amenuna?" alisema.

"Zote."

"Zote?"

"Zote, shemeji. Mtu angedhani yuko msibani."

"Sajini, macho yako yana nini?" Baba Ndoo alisimama, ndoo ikaanguka nyuma yake. "Amenuna wapi? Na ile ya karibu na mwisho je? Ana unga puani, katupa kichwa nyuma, anacheka mpaka lile jino la pembeni lililovunjika linaonekana! Miaka kumi na tisa niko naye, akicheka hufunika mdomo. Mimi mumewe, mimi, hilo jino nimeliona mara mbili, na moja alikuwa analia! Anakuja mtu wa siku tatu, ana kofia ya majani na kidevu kama cha mbuzi, anafunguliwa jino zima zima, halafu liwekwe njia panda, kila dereva..."

Akasikia sauti yake mwenyewe. Akakatika.

Wifi alikuwa ameinua kichwa, anamtazama kakake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Gari likasimama nje ya uzio, mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

"Shemeji," alisema Sajini taratibu, akilifungua tena daftari penye ile sahihi yenye mkia, "hiyo picha umeiona wapi?"

"Nili... nilihadithiwa."

"Na nani? Walioiona ni mpigaji, mimi, na aliyeitia kamera kwenye unga."

Baba Ndoo alitazama huku, akatazama kule. Jasho lilimtoka jingi, kwa mtu anayethamini maji.

"Niliota," alisema.

Mbao za stoo zikalia, mtu amezisogelea kwa ndani.

"Wewe?" alisema Mama Jiko. "Unayekoroma tangu kichwa kinagusa mto mpaka jogoo anakata tamaa? Nafasi ya kuota uliipata saa ngapi?"